Uzamili wa Kwato za Nyuma

Mama Nuswe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba alikwenda Chuo Kikuu kufuata ndoo yake ya maandazi aliyoisahau getini, akarudi nyumbani akiwa amesajiliwa shahada ya uzamili. Anasema mlinzi alimuuliza, "Mama, una shida gani?" naye akajibu, "Nimefuata ndoo." Mlinzi akamwelekeza dirishani. Dirisha la kwanza wakampiga picha. Dirisha lililofuata wakampima kichwa kwa ajili ya kofia. Dirisha la mwisho kijana mmoja mwenye tai akamuuliza kama anapendelea Uzamili wa Uchumi wa Vyombo au Uzamili wa Upoteaji wa Mali, maana shida yake inaingia kote kuwili. Mama Nuswe hajui kusoma, na alimwambia hivyo hivyo: "Mwanangu, mimi kusoma sijui." Kijana akamtuliza. Kusoma ni mambo ya shahada ya kwanza, akasema, huku juu hatusumbui watu kwa vitu vidogo.

Mimi simbishii Mama Nuswe. Kofia anayo, nimeiona, anafunikia mtungi wa maji. Ndoo ndiyo hakurudi nayo.

Mambo ya chuo nisingeyafuatilia, mimi mtu wa darasa la saba, kama isingekuwa Tausi. Tausi ni ng'ombe wetu, mimi na mama. Tukisema ukweli, ni yeye anayetufuga sisi. Alipozaa mara ya kwanza ndama alikuja kinyume, na Tausi angefia pale pale bandani kama si Bwana Semindu, bwana mifugo wa kata yetu. Bwana Semindu alivua shati, akajipaka sabuni mkono mzima mpaka begani, akauingiza, akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wa koti gizani, akamgeuza ndama humo humo ndani. Ndama akatoka. Bwana Semindu alikuwa amechafuka mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake. Mama alitaka kumpa jogoo, akakataa, akaomba chai.

Sasa Tausi alikuwa na mimba tena, na Bwana Semindu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kusoma uzamili. Bwana mifugo wa kata ya juu yetu naye alikwenda, na wa kata ya chini, na yule mzee wa wilayani aliyekuwa amebakiza kidogo tu astaafu. Tegemeo letu likabaki kwa mdogo wangu Felista, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa digrii ya kwanza ya tiba ya mifugo, hapo hapo chuoni.

"Mwaka huu ndiyo tunafundishwa kuzalisha," Felista alituambia.

Mama akaenda bandani, akampapasa Tausi shingoni. "Umesikia? Wewe subiri tu, mtoto anasomea."

*

Nchi yetu ina chuo kikuu kimoja, na zamani kilijulikana mpaka ng'ambo ya mpaka kwa jambo moja tu: ukipeleka mtoto, anarudi anajua kazi. Hakikuwa na sifa nyingine. Majengo yalikuwa ya kawaida, na geti lilikuwa la mbao.

Basi wakaja wageni ambao kazi yao ni kupanga vyuo vya dunia, kama wauza viazi wanavyopanga mafungu, vikubwa juu. Hawakutaka kuwaona wanafunzi. Walikunywa chai, wakauliza chuo kina kozi ngapi za uzamili. Profesa Lutengano, ambaye ndiye Makamu Mkuu wa Chuo, akasema zipo chache, lakini watoto wa digrii ya kwanza wanafundishwa vizuri sana. Wageni wakamwonea huruma, wakaaga. Orodha ilipotoka, chuo chetu kilikuwa chini ya chuo cha nchi jirani ambacho watu wanasema bado hakijaezekwa.

Kiongozi Mkuu wa nchi alikasirika, akala chakula cha mchana peke yake, na jambo hilo likatangazwa kwenye taarifa ya habari. Kesho yake Profesa Lutengano akazungumza na taifa kwa njia ya redio.

"Ndugu wananchi! Chuo ni nyumba. Nani kati yenu amewahi kupita njiani akasimama kusifia msingi wa nyumba ya mtu? Msingi uko chini! Umefukiwa! Una siafu! Watu husifia paa. Kwa miaka mingi tumekuwa taifa la kuchimba misingi, na dunia inatucheka. Kuanzia leo tunajenga mapaa!"

Makofi yalipigwa mpaka redio yetu ikakwaruza. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Anajenga nini?"

"Mapaa."

"Ya bati au ya makuti?"

"Ya uzamili, mama."

"Haya. Yasivuje tu."

Zikaanzishwa kozi. Kwenye mifugo peke yake ulikuwepo Uzamili wa Kwato za Mbele na Uzamili wa Kwato za Nyuma, idara mbili zilizogombana tangu siku ya kwanza, kiasi kwamba ng'ombe akichechemea miguu ya pande zote anangoja kikao cha usuluhishi. Ulikuwepo Uzamili wa Maziwa Kabla ya Kukamuliwa. Ulikuwepo Uzamili wa Uendeshaji wa Uzamili, nao ulipendwa kupita yote kwa sababu ukimaliza unaweza kufungua uzamili wako. Na ulikuwepo Uzamili wa Jumamosi, ambao haukuwa na somo lolote, ulikuwa na siku tu.

Wakubwa wa nchi wakajiandikisha wote. Naibu waziri ambaye hana uzamili alikuwa haalikwi tena kwenye harusi.

*

Mapaa yanahitaji nafasi. Wanafunzi wa digrii ya kwanza wakaombwa wapishe ukumbi mkubwa, wakahamia ukumbi mdogo. Wakapisha ukumbi mdogo, wakahamia varandani. Varanda ikawa Kitivo cha Uzamili wa Mazingira ya Wazi, wakahamia nyuma ya jenereta, mahali ambapo mhadhiri unamwona anavyofumbua mdomo lakini humsikii. Felista anasema walioweza kusoma midomo walifaulu.

Walipochoka wakaanza kusimama nje ya madirisha ya madarasa ya uzamili, wasikilizie huko. Uongozi ukanunua mapazia. Ilielezwa kwamba mapazia ni kwa ajili ya kulinda hadhi.

Felista alikuwa anakuja nyumbani Jumapili, na kila akija mama anamuuliza kitu kimoja kabla hata hajatua mfuko.

"Kuzalisha mmeshafika?"

"Tumefika, mama. Tumeanza."

Mama akapiga vigelegele kidogo, vya kujizuia. "Kwa ng'ombe wa chuo?"

"Ng'ombe wa chuo amepandishwa daraja. Siku hizi ni ng'ombe wa uzamili, sisi haturuhusiwi kumgusa. Tumepewa benchi."

"Benchi?"

"Lina miguu minne."

"Najua benchi lina miguu minne, nimelikalia maisha yangu yote. Nauliza ndama anatokea wapi?"

"Tunaambiwa tubuni."

Mimi nilicheka, na Felista akacheka, mama peke yake ndiye hakucheka. Felista akaendelea, "Halafu benchi lenyewe moja, sisi darasa zima. Zamu yangu nimeipata mara moja tu. Lakini nimeongoza, Dada. Hapa unaongea na bingwa."

"Lilizaa nini hilo benchi?" nikamuuliza.

"Stuli."

Tausi alikuwa anatutazama huku anacheua. Tumbo lilikuwa limeshaanza kushuka.

*

Nilisahau kusema walimu walikwenda wapi. Hawakwenda mbali, walipanda tu. Kila mhadhiri alihamishiwa uzamili, maana mhadhiri akionekana na mtoto wa digrii ya kwanza alikuwa anahesabika kuwa ameteremka. Sasa nani afundishe chini? Profesa Lutengano akawa na jibu: wanafunzi wa uzamili watawafundisha wa digrii ya kwanza, kama mazoezi. Ni jambo zuri ukilisikia. Lakini wanafunzi wa uzamili ndio hao manaibu waziri na wakuu wa mashirika, watu wenye vikao. Wakawatuma madereva wao.

Ndivyo darasa la Felista lilivyopata mwalimu wa Uzazi wa Wanyama aitwaye Chande, dereva wa Naibu Waziri wa Mandhari. Mtu mpole sana, Felista anamsifu. Siku ya kwanza alisimama mbele yao kofia mkononi.

"Jamani wadogo zangu," akasema, "mimi nimetumwa. Mzee amesema niwafundishe uzazi wa wanyama kwa saa mbili halafu nimfuate uwanja wa ndege. Mimi uzazi siujui. Mke wangu mwenyewe alijifungua nikiwa safari. Ninachojua ni kubadilisha tairi. Tuanze na hicho, au niwaache mpumzike?"

Wakapiga kura, wakachagua tairi. Muhula ule Felista alijua kubadilisha tairi, kupima oili, na namna ya kusinzia umekaa wima bila kuangusha shingo. Kwenye mtihani waliulizwa hatua za kuzaa kwa ng'ombe. Wengi waliandika kwamba kwanza unaweka jeki.

Nisicheke. Mdogo wangu naye aliandika jeki.

*

Mimi ndiye ninayepeleka maziwa jikoni kwa wafanyakazi wa chuo. Asubuhi moja nikamkuta Bwana Semindu kwenye baraza, amevaa tai, amekaa na wenzake wanapumzika kwa chai. Nikaweka dumu chini.

"Shikamoo, Bwana Semindu."

"Marahaba, Yusta. Ila siku hizi ni Mzamili. Mzamili mtarajiwa, tukitaka usahihi."

"Shikamoo, Mzamili mtarajiwa. Tausi ana mimba tena, karibu anazaa."

Uso wake ulifunguka, ukawa ule ule wa bandani. "Tausi! Yule mkaidi! Ameanza kulegea huku kwenye..." Akakatiza, akatazama wenzake, akakohoa. "Ni mada pana hiyo."

"Basi jioni njoo umwone. Ni hapa hapa tu."

"Yusta, mimi niko Kwato za Nyuma."

"Si ndama naye anatokea huko huko nyuma?"

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye akanivuta pembeni, akanionyesha kibao kilichochomekwa kwenye bustani ya maua. Kilikuwa na maandishi ya dhahabu: MZAMILI HASHIKI NG'OMBE. MZAMILI HUSHIKISHA.

"Kuna mwenzetu wa Kwato za Mbele alipita njiani akaona mbuzi amenasa kwenye waya, akamnasua," akaninong'oneza. "Alionekana. Wamemrudisha digrii ya kwanza. Mtu mzima, ana wajukuu! Amekaa nyuma ya jenereta na watoto."

"Ukimaliza lakini utarudi kwetu katani?"

Akafikiri. Nilimwona kwamba anafikiri kweli, hanidanganyi. "Nikimaliza," akasema, "nitakuwa nimesoma kupita kiasi cha kurudi."

Akanipa mkono kuniaga, ule ule wa kulia. Ulikuwa laini kama wa mtu aliyelazwa muda mrefu hospitali. Nikamuuliza anaandika utafiti gani. Akasema: "Mitazamo ya Wadau Kuhusu Mguu wa Nyuma." Nikampongeza, nikabeba dumu langu.

*

Kisha habari zikaja kwamba wale wageni wa kupanga vyuo wanarudi, na safari hii wametaka kuona pia matokeo ya digrii ya kwanza. Profesa Lutengano akayatazama matokeo. Wanasema alifunga mlango na kuimba wimbo wa taifa.

Wanafunzi wa digrii ya kwanza wakaitwa uwanjani. Felista, ambaye tangu mtoto hajui kunyamaza, akanyoosha mkono kabla ya hotuba.

"Shikamoo, Profesa. Sisi tunaomba tufundishwe tu. Tukifundishwa hata kwa muda mfupi tutafaulu. Mimi nyumbani nina ng'ombe anakaribia kuzaa na sijui hata nianzie wapi."

"Binti," Profesa akamjibu kwa upole, "hilo neno kufundishwa umelitoa wapi? Kufundishwa ni utegemezi. Mtu anayefundishwa maana yake kuna kitu hajui, na sisi hatuwezi kuwa na mwanafunzi asiyejua kitu halafu tukae mbele za wageni. Tatizo si nyinyi. Tatizo ni digrii ya kwanza yenyewe. Mimi nimeichunguza kwa makini, na nimegundua kwamba wanaofeli wote wanatokea huko. Basi tunaiondoa. Kuanzia sasa hivi, mlipo hapo mlipo, nyote ni wazamili!"

Uwanja ulilipuka. Vijana walirushana juu. Unajua furaha ya mtu aliyekaa nyuma ya jenereta miaka yote halafu anaambiwa ameshafika. Chuo chetu kikawa chuo cha kwanza duniani ambacho mtu hafeli chini kwa sababu hakuna chini.

Felista alirudi nyumbani na joho limekunjwa kwenye mfuko wa rambo. Mama akalishika, akalinusa, akapiga vigelegele kwelikweli safari hii, mpaka majirani wakachungulia. Kisha akauliza, "Na kuzalisha je?"

"Imeondolewa, mama. Ilikuwa somo la digrii ya kwanza."

Mama akalikunja joho upya, akalirudisha mfukoni. Usiku ule hakuna aliyekwenda bandani kumwambia Tausi chochote.

*

Siku ya mahafali Tausi alianza kulia asubuhi, wakati mama ananyoosha joho kwa pasi ya mkaa. Sauti ile tuliijua, ni ile ya mara ya kwanza. Mama aliacha pasi.

Felista alikuwa ameshavaa. Akaingia bandani na joho lake, akakunja mikono ya joho mpaka mabegani, akajipaka sabuni kama nilivyomsimulia kwamba Bwana Semindu alijipaka. Akapiga magoti kwenye samadi. Mama akamshika Tausi kichwa. Mimi nikashika mkia, nikausogeza pembeni.

Felista akaingiza mkono, akashtuka, akanitazama.

"Dada, kuna joto."

"Eeh?"

"Ndani. Kuna joto. Sikujua kuna joto."

"Tafuta kichwa," mama akasema. "Mwanangu, tafuta kichwa au miguu."

Akatafuta. Jasho lilimtoka kama anatwanga. Tausi akapiga magoti, akalala ubavu, akamvuta Felista chini pamoja naye. "Nimeshika mkia," Felista akasema. "Ni mkia tu. Nimeshika mkia na sijui nifanye nini na mkia. Nivute? Mama, nivute au nisukume?"

Anatuuliza sisi, na yeye ndiye tuliyempeleka akasome. Akaanza kulia huku mkono uko humo humo ndani. "Dada, kimbia chuoni. Leo wapo wote. Wote wako ukumbini. Kamlete mtu."

Nilikimbia na kanga zilizojaa damu. Getini hapakuwa na mlinzi, mlinzi naye alikuwa anahitimu. Geti sasa ni la chuma, lina simba wawili wa saruji. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi, kofia nyeusi mtindo mmoja, kama shamba la uyoga. Wale wageni walikaa mbele na maji ya chupa, na Profesa Lutengano alikuwa anawaambia kwamba taifa hili lina wazamili wa mifugo wengi kuliko mifugo.

Mshereheshaji akaniona mlangoni. Kumbe kwenye ratiba palikuwa na neno kutoka kwa mwananchi wa kawaida, na mwananchi wa kawaida aliyeandaliwa hakutokea. Akanishika mkono, akanipandisha jukwaani, akanipa kipaza sauti.

"Karibu, dada. Kwa ufupi tu."

Sikuwahi kushika kipaza sauti. Nikasema kama nilivyotumwa. "Ng'ombe wetu anazaa, ndama amekuja kinyume, na bandani yuko mama na mdogo wangu peke yao. Nyinyi nyote hapa mmesomea. Naomba mtu mmoja tu anayejua, anyanyuke, twende. Ni hapa karibu."

Wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu na kwa moyo kabisa, wengine waliinuka. Mgeni mmoja akamuuliza Profesa nimesema nini, na Profesa akamwinamia sikioni, akamwambia kwamba wananchi wanathamini sana utaalamu.

Makofi yalipoisha waliokuwa wameinuka wakakaa. Watu wa Kwato za Mbele wakawatazama watu wa Kwato za Nyuma, na watu wa Kwato za Nyuma wakatazama ratiba. Nikapita na macho safu kwa safu mpaka nikamwona Bwana Semindu. Alikuwa ananitazama. Mkono wake wa kulia ukainuka kutoka gotini, taratibu, na mimi nikadhani anaanza kukunja joho. Ukapanda mpaka kwenye kofia, ukaiweka sawa, ukarudi chini.

Profesa Lutengano akanyoosha mkono apokee kipaza sauti. Nikakishika kwa mikono miwili.

"Bwana mifugo," nikasema, "mkia umeshaonekana. Naomba."